Je, Nyumba Iuzwe? Habari za Tiba Mpya za Chembe na Jeni



Mwezi uliopita ilitufikia barua ya mzee mmoja wa Tanga, naye ametuomba tusilitaje jina lake. Ana watoto 5, na wa nne wao, kijana wa miaka 11, ana maradhi ya sikoseli, ambayo wengine huyaita selimundu. Anaandika kuwa mtoto huyo amekwisha kulazwa mara zisizohesabika, na kuwa nyakati za baridi mama yake hukesha akimkanda miguu kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka yaadhiniwe alfajiri. Sasa jirani yake aliyerudi safari amemwambia kuwa huko Ulaya na Marekani imepatikana dawa ya kuyang'oa maradhi hayo na mizizi yake, na ya kuponya saratani pia, nayo hufanywa kwa kubadili "mbegu" zilizomo mwilini mwa mgonjwa. Mzee huyu ana nyumba moja aliyoirithi kwa marehemu baba yake. Anatuuliza mambo matatu: Habari hiyo ni kweli? Kama ni kweli, si kuyabadili maumbile aliyoyaumba Mwenyezi Mungu? Na je, auze nyumba?

Barua hii tumeisoma zaidi ya mara moja. Sisi si matabibu, wala hatupendi kumwandikia mtu dawa kwa kalamu ya gazeti. Lakini maswali yake ni maswali ya nyumba nyingi, kwani maradhi haya yamo sana katika nchi zetu: katika Tanzania peke yake wakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka. Basi tumeonelea tuyajibu hapa kwa wote, tukianza na la kwanza.

Jirani hakusema uongo. Ila amelisimulia jambo kubwa kwa maneno machache, na mwenye mgonjwa hawezi kuyajengea maneno machache.

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe ndogo ndogo zisizoonekana kwa macho, ambazo vitabu vya shule siku hizi huziita seli. Ndani ya chembe yamo maandiko, nayo yameandikwa kwa herufi 4 tu, lakini zimepangwa kwa urefu wa herufi bilioni 3 hivi. Jeni ni mlango mmoja katika kitabu hicho. Kuna mlango unaoieleza chembe namna ya kufanya rangi ya macho, na mwingine namna ya kufanya hemoglobini, yaani kile kitu chekundu cha damu kinachochukua hewa kutoka mapafuni na kuipeleka kila kiungo. Mwenye sikoseli ana kosa katika mlango wa hemoglobini, na kosa lenyewe ni la herufi moja. Herufi moja katika bilioni 3! Kwa ajili ya hiyo, chembe nyekundu, ambayo yapaswa kuwa ya mviringo na laini, hujikunja ikafanana na mundu wa kukatia nyasi, ikawa ngumu, na zikijikusanya nyingi huziba mishipa midogo kama takataka zinavyoziba mfereji. Kiungo kilichokosa damu hulia kwa maumivu. Na chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini hizi za mundu hufa baada ya siku chache, kiasi cha 10 mpaka 20, ndiyo maana mtoto huishiwa na damu na macho yake huwa ya manjano.

Hayo hayakujulikana kwa siku moja. Tabibu James Herrick wa Chicago ndiye aliyeandika mwaka 1910 kuwa ameona chembe za umbo la mundu katika damu ya mwanafunzi mmoja aliyetoka kisiwa cha Grenada. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake wakaonyesha kuwa ubaya umo katika hemoglobini yenyewe, na miaka michache baadaye Vernon Ingram, huko Cambridge, akapambanua mahali hasa palipoharibika. Lakini katika habari hizi liko jambo linalotuhusu sisi wenyewe, wala hatuoni vyema kulipita. Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alirudi huko mwaka 1949 akiwa mwanafunzi wa Oxford, akawapima damu watu wa makabila mbalimbali. Akaona kuwa walio na jeni hii ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni wachache mno katika nyanda za juu zenye baridi. Akajiuliza kwa nini. Mwaka 1954 akatoa jibu: penye malaria ndipo penye jeni hii, kwa kuwa mwenye kuirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Wahenga wetu waliokaa karne nyingi baina ya mikoko na mbu walikingwa nayo. Anayeumia ni yule aliyeirithi kwa wazazi wote wawili.

Hapa twataka kusimama kidogo, kwani twajua yanayosemwa majumbani. Mtoto akionekana na sikoseli, baadhi ya watu humnyooshea mama kidole, wakasema ukoo wake una mkosi, au kuwa amelogwa. Wako waume waliotoa talaka kwa sababu hiyo. Hili ni dhulma na ni ujinga pamoja. Maradhi haya hayamfikii mtoto ila baba ametoa nusu na mama ametoa nusu, na wote wawili huwa wazima hawajui kitu. Wawili hao wakioana, basi kila mimba ina fungu moja katika manne la kuzaliwa mtoto mgonjwa, mafungu mawili la kuzaliwa mzima mwenye kuichukua jeni kama wazazi wake, na fungu moja la kuzaliwa asiye nayo kabisa. Wala isidhaniwe kuwa akishazaliwa mgonjwa mmoja basi watatu wafuatao wamesalimika, la. Hesabu huanza upya kwa kila mimba.

Sasa tiba yenyewe. Mtoto akiwa tumboni mwa mama yake hatumii hemoglobini ya watu wazima, bali ana yake ya utotoni, na hiyo haina lile kosa. Baada ya kuzaliwa, taratibu katika miezi ya mwanzo, mwili huifunga hiyo ya utotoni na kuifungua ya ukubwani. Ndiyo sababu mtoto wa sikoseli huwa mzima miezi yake ya kwanza, kisha maradhi yakazuka. Matabibu waliona tangu zamani kuwa wagonjwa wengi wa upande wa mashariki wa Saudi Arabia maradhi yao huwa mepesi kuliko ya wengine, kwa sababu hemoglobini ya utotoni haikuwatoka yote. Basi wataalamu wakafikiri: tukikipata kile kifungio na tukakiharibu, si itarudi?

Kifungio kilijulikana; ni jeni nyingine iitwayo BCL11A. Kilichokosekana ni mkasi mdogo wa kutosha kuingia ndani ya chembe na kukata mahali pamoja bila kukata pengine. Mkasi huo ulipatikana kwa viumbe vidogo kabisa, bakteria, ambao hujilinda nao dhidi ya virusi kwa kuvikatakata. Mwaka 2012 mabibi wawili, Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna, pamoja na wenzao, walionyesha namna ya kuuelekeza mkasi huo popote utakiwapo, na mwaka 2020 wakapewa tuzo ya Nobel ya kemia.

Kazi hufanywa hivi. Mgonjwa hupewa dawa ya kuzitoa chembe mama katika uboho wa mifupa, zikaingia katika damu, kisha damu ikapitishwa katika mashine ya kuzichuja. Chembe hizo hupelekwa kiwandani, na huko kifungio hukatwa. Kuzitengeneza na kuzikagua huweza kuchukua hata miezi 6. Zikiwa tayari, mgonjwa hulazwa, akapewa dawa kali ya kuufyeka uboho wake wa zamani, kama mkulima afyekavyo shamba kabla ya kupanda mbegu mpya. Kisha hurudishiwa zile chembe zake mwenyewe kwa mshipa. Hukaa hospitali wiki 4 mpaka 6 akingojea zimee. Dawa hiyo, iitwayo Casgevy, ilikubaliwa kwanza Uingereza mwezi Novemba 2023, na Marekani mwezi Desemba mwaka huo huo. Bahrain nayo iliikubali mwezi Desemba, na Saudi Arabia mwezi Januari 2024, kwani nchi hizo zina wagonjwa wengi wa sikoseli kama sisi. Katika majaribio yaliyopelekwa mbele ya serikali ya Marekani, wagonjwa 31 walikuwa wamefuatwa muda wa kutosha, na 29 kati yao walikaa miezi 12 mfululizo au zaidi bila kupatwa na shambulio kubwa la maumivu. Watu hao hapo kabla walikuwa wakishambuliwa mara kwa mara kila mwaka. Anayemjua mtoto wa sikoseli hahitaji kuelezwa maana ya mwaka mzima bila kilio cha usiku.

Kwa hiyo ni kweli. Lakini na upande wa pili ni kweli vilevile. Dawa ya kuufyeka uboho ni kali mno: humwangusha mtu nywele, humtia vidonda kinywani, humwacha wiki kadhaa bila kinga hata mafua yaweza kumwua, na huweza kumnyima uzazi maisha yake yote. Kijana ambaye hajaoa, na msichana ambaye hajaolewa, wana haki ya kuelezwa hili waziwazi kabla ya kutia sahihi. Na tiba hiyo ilikubaliwa kwanza kwa wenye miaka 12 na kuendelea, na mtoto wa mzee wetu ana miaka 11. Tena wagonjwa hao hawakufuatwa kwa miaka 40. Wamefuatwa miaka michache tu, na kampuni zenyewe zimeagizwa kuendelea kuwaangalia.

Ama saratani, njia yake ni nyingine ingawa ukoo ni mmoja. Saratani ni chembe ya mwili wenyewe iliyoasi. Chembe njema hujua wakati wa kuzaana na wakati wa kuacha, na ikizeeka hufa kwa amri; hii haisikii amri, huzaana tu mpaka ikajaza kiungo na kuhamia kingine. Askari wa damu, chembe nyeupe ziitwazo seli za T, wangeweza kuiua, lakini aghlabu hawaitambui, maana imevaa nguo za nyumbani. Wataalamu wakazitoa seli hizo katika damu ya mgonjwa, wakazitia jeni mpya inayozifanyia mkono wa kumshikia adui kwa alama yake, wakazizidisha zikawa mamilioni, wakazirudisha. Katika mwaka 2010, kwenye Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Carl June na wenzake waliwatibu kwa njia hii watu wazima wachache wenye saratani ya damu, na baada ya miaka zaidi ya 10 askari hao walikuwa bado wakionekana katika damu ya wawili kati yao, na saratani haikurudi. Mwaka 2012 alitibiwa mtoto wa kwanza, msichana mdogo ambaye dawa nyingine zote zilikuwa zimemshinda. Katikati ya tiba alikaribia kufa kwa homa, kwa kuwa askari wale walipigana kwa ukali uliowasha mwili mzima. Akapewa dawa ya kuwatuliza, iliyokuwa imetengenezwa kwa maradhi ya viungo, akazinduka. Miaka mingi ilipita na saratani haikurejea. Mwaka 2017 Marekani ikairuhusu tiba hiyo.

Wasomaji wetu watuwie radhi tukipunguza furaha. Tiba hii ya askari imefaulu hasa kwa baadhi ya saratani za damu. Saratani za uvimbe, kama ya matiti, ya tezi dume, ya koo, na ya shingo ya kizazi, ambazo ndizo zinazowajaza wagonjwa katika hospitali zetu, hazijaishwa kwa njia hiyo. Majaribio yapo, lakini majaribio si dawa. Na katika Januari 2024 wakuu wa dawa wa Marekani waliamuru yaandikwe maonyo kuwa katika wagonjwa wachache waliotibiwa ilionekana saratani mpya ya zile seli za T zenyewe. Kwa shingo ya kizazi, ambayo ndiyo huwaua sana mama zetu, kinga ipo tayari na haihitaji kiwanda cha jeni: ni chanjo ya wasichana, ambayo Tanzania iliianza nchini kote mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019. Tumesikia baba wanaowakataza binti zao kwa maneno ya mitaani. Baba kama huyo akishitukia mkewe ana saratani atauza shamba ampeleke India, naye alikataa sindano ya bure kwa binti yake.

Mwenye kudhani kuwa elimu hii imepita njia nyoofu amekosea. Mwaka 1999 kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alikufa Pennsylvania siku 4 baada ya kutiwa virusi vya kumchukulia jeni, na uchunguzi uliofuata ukaonyesha kuwa taratibu za kumlinda hazikushikwa kama ilivyopasa. Mjini Paris, watoto waliozaliwa bila kinga ya mwili walitibiwa kwa jeni kuanzia mwaka huo huo wa 1999, wengi wakapona na kutoka katika vyumba vya kutengwa. Kisha baadhi yao wakapatwa na saratani ya damu, kwa kuwa jeni mpya ilikwenda kukaa mahali pabaya katika kitabu cha chembe. Kwa miaka kadhaa kazi hiyo ilikaribia kusimama. Waliobaki nayo waliirudia polepole, wakitafuta wapi walipokosea, na dawa za leo zimetokana na makosa yale.

Swali la pili la mzee ni la sheria, nalo ni zuri. Hatuwezi sisi kutoa fatwa, lakini wanavyuoni hawakulinyamazia. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Rabita, lililokutana Makka mwaka 1998, lilitazama elimu hii ya kuzigusa jeni, likaona kuwa yajuzu kuitumia kwa kukinga maradhi, au kuyatibu, au kupunguza madhara yake, kwa sharti isilete madhara yaliyo makubwa zaidi. Na likakataza kuitumia kwa kuichezea nafsi ya mwanadamu, au kwa madai ya kuitengeneza jamii ya watu iwe bora kuliko ilivyo. Likataka pia idhini ya mwenye mwili ipatikane, na siri yake ihifadhiwe.

Kwa akili zetu, tofauti yaonekana wazi. Mwenye kukatwa kifungio katika chembe za uboho hajabadili sura yake wala nasaba yake. Mtoto atakayemzaa atarithi jeni zile zile za kwanza, kwa sababu mkasi haukuigusa mbegu ya uzazi. Amejitibu, kama anayeunganishwa mfupa uliovunjika. Jambo jingine kabisa ni lile lililofanywa China. Mwezi Novemba 2018 mtaalamu He Jiankui alitangaza kuwa amezikata jeni za mimba changa, na wamezaliwa watoto mapacha wa kike. Mabadiliko yao watayarithi vizazi vyao, nao hawakuulizwa, wala hawakuwa wagonjwa. Dunia nzima ya wataalamu ilimlaumu, na mwezi Desemba 2019 mahakama ya nchi yake ikamhukumu kifungo cha miaka 3. Mzee wetu asilichanganye hili na lile. Mtoto wake akipata tiba ya chembe, hana lawama mbele ya waliotazama mambo haya, nasi hatuoni sababu ya moyo wake kuhangaika kwa hilo.

Twaja kwenye nyumba.

Bei iliyowekwa Marekani kwa dawa ya Casgevy ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na hiyo ni dawa tu, bila kitanda cha hospitali. Kwa fedha ya Tanzania ni zaidi ya shilingi bilioni 5. Nyingine ya namna hiyo, iliyokubaliwa siku moja nayo, iliwekewa dola milioni 3.1. Ya saratani ya damu ilipoanza mwaka 2017 ilitajwa dola 475,000. Mzee akiuza nyumba yake, na sisi sote tunaoandika katika gazeti hili tukiuza zetu, hatutafika. Twalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa maradhi haya kwa wingi wake ni ya Afrika, na dawa yake imewekwa mahali ambapo Afrika haifikii. Hatusemi ni njama. Kutengeneza dawa ya mtu mmoja mmoja kwa chembe zake mwenyewe ni kazi ya gharama. Lakini gharama hushuka panapo nia: India mwaka 2023 ilikubali tiba yake yenyewe ya saratani ya damu kwa seli za T, iliyoundwa Mumbai, kwa bei ya kama sehemu moja ya kumi ya ile ya Marekani. Na tangu mwaka 2019 serikali ya Marekani na wakfu wa Gates walitangaza kutoa fedha ili itafutwe tiba ya jeni ya sikoseli iwezayo kutolewa kwa sindano, bila kuufyeka uboho, katika nchi kama zetu. Hiyo haijafika bado. Atakayemwambia mzee kuwa anayo, naye ana duka la mitishamba au ofisi ya kusafirisha wagonjwa, basi mzee afunge mlango.

Kwa hiyo jibu letu ni kuwa asiuze. Yapo mambo mawili ya karibu zaidi, na barua yake haikuyataja.

La kwanza ni vidonge viitwavyo haidroksiyurea. Si dawa mpya, na hufanya kazi ile ile tuliyoieleza, yaani huirudisha kiasi hemoglobini ya utotoni, ingawa haikati kitu. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa watoto wa Angola, Kongo, Uganda na Kenya, na kwa Kenya ulifanywa Kilifi, hapa hapa pwani. Watoto waliomeza vidonge hivyo walipungukiwa na maumivu, na kuongezewa damu, na malaria, na vifo. Hapo kabla watu walihofu kuwa katika nchi za malaria dawa hiyo ingedhuru, na ikaonekana kinyume chake. Hupewa kwa kipimo na mtoto hupimwa damu kila mara, kwa hiyo isinunuliwe dukani kwa kubahatisha. Mzee aulize katika kliniki ya sikoseli kama mtoto wake anafaa kupewa, na kama alikwisha kupewa, kwa nini iliachwa. Twashuku kuwa iliachwa, kwa kuwa anaandika kuwa "dawa za hospitali ziliisha tukarudi kwenye maji ya moto". Pamoja na vidonge, mtoto anywe maji mengi, alale ndani ya chandarua, asipate baridi, na homa isingojwe mpaka asubuhi.

La pili ni kupandikizwa uboho wa ndugu. Hii ndiyo tiba ya chembe iliyotangulia hizi zote, nayo imekwisha kuponya watoto wengi duniani. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana fungu moja katika manne la kulingana na mgonjwa, na kijana huyu ana ndugu 4. Katika Tanzania yenyewe, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza watoto wenye sikoseli. Nayo ina hatari zake: uboho mgeni huweza kukataliwa, au wenyewe ukaushambulia mwili, na dawa ya kufyeka ni ile ile. Si kila mtoto hukubaliwa. Lakini kwenda Dodoma kuuliza na kupimwa hakuhitaji kuuza urithi, na tabibu wake wa Tanga aweza kumwandikia barua ya kumpeleka.

Limebaki neno moja. Mwisho wa barua, kama kwa kupitia, mzee ameandika kuwa furaha yake ya mwaka huu ni binti yake mkubwa, ambaye ameposwa na mtoto wa ami yake, na harusi ni baada ya Mfunguo Tatu. Twampa hongera. Ila twamwomba asome tena yale tuliyoyaandika juu ya mafungu manne. Kwa kuwa yeye na mkewe wote wanaichukua jeni hii, binti yao aliye mzima ana mafungu mawili katika matatu ya kuwa anaichukua. Bwana harusi ni damu ya ukoo ule ule, na huenda anayo pia. Saudi Arabia tangu mwaka 2004 haifungishi ndoa ya raia wake ila wachumba wawe wamepimwa sikoseli na talasemia kwanza, kisha wao wenyewe huamua. Kwetu hapana sheria hiyo, lakini hapana pia kinachozuia. Kipimo ni damu kidogo tu, na hufanywa katika hospitali kubwa za mikoa. Wakapime wote wawili, bwana na bibi, kabla mahari hayajapokewa, na waambiwe majibu wao kwanza kabla ya wazee. Wala mzee asituandikie yalivyotoka, kwani hiyo ni siri ya watoto.